Ng'ombe wa Sampuli ya Kumi na Saba

SEHEMU YA KUMI NA MOJA

“Funga daftari, Benedikta. Ng'ombe huyo simjui.”

Hapo ndipo tulipoishia Jumapili iliyopita, msomaji wangu, na nimeambiwa kuna kijiwe cha kahawa hapa Bariadi nilikosemwa vibaya wiki nzima. Nisameheni. Mwandishi ana mhariri, na mhariri ana mkasi.

Kwa aliyechelewa, nampa mkono avuke. Benedikta Mahona anatunza nyaraka katika chuo kikuu kimoja cha Dar es Salaam. Ndani ya sanduku namba 112 alikuta daftari za maabara za marehemu baba yake, Dokta Januarius Mahona, mwanabiokemia, mtoto wa kijiji cha Zagayu aliyefika mbali kwa kusoma. Daftari la nne akalitia kwenye mkoba bila kusaini popote, kosa ambalo kwalo yeye mwenyewe aliwahi kumfukuzisha mtu kazi, akapanda basi mpaka Bariadi. Bosi wake, Lukresia, ameshapiga simu mara tano na hazijapokelewa.

Kilichomtoa Dar ni mdogo wake, Gloria. Miaka minne yuko kwa mume, Mayige wa Zagayu, na mtoto hakuna. Jumamosi wakwe wanakuja kumrudisha rasmi na kudai ng'ombe wao. Ng'ombe wakishahesabiwa, ndoa imekufa na hakuna wa kuifufua.

Sasa sikiliza. Kati ya mwaka 1993 na 1995 Dokta Mahona aliwapima wanaume wa Zagayu waliokuwa hawapati watoto. Akagundua kwamba mafuta mabichi ya mbegu za pamba, yale meusi yanayotoka mashineni bila kusafishwa, yana kitu kiitwacho gosipoli, na gosipoli ikizidi mwilini inakausha mbegu za mwanaume. Mwanaume akiacha mafuta mapema, mbegu zinarudi. Na Mayige, mume wa Gloria, ana mashine ya kukamua mafuta hayo hayo. Kila asubuhi hunywa kikombe cha mkamuo wa kwanza, kwa ajili ya nguvu. Benedikta alipompigia simu kumsihi aache, Mayige alicheka. “Dada, baba yangu amekunywa haya tangu ujana, na mimi si huyu hapa?”

Ushahidi wa kumjibu ulikuwepo, lakini ulikuwa umevaa ngozi. Wanaume wale walikubali kupimwa kwa sharti kwamba majina yao hayataandikwa popote. Dokta akaapa, akaandika ng'ombe. Kila mmoja akaingia daftarini kwa ng'ombe wa kwanza aliyemtoa mahari. Wakubwa wa chuo waliposoma ripoti wakamuuliza kama alikwenda kupima watu au zizi, wakacheka, wakaitupa.

Duniani alibaki mtu mmoja wa kuwasoma ng'ombe wale, naye ni shangazi Minza, dada yake Dokta. Wasichana wa rika lake ndio waliokuwa wakitoka kuwapokea ng'ombe wa mahari kwa nyimbo, na ng'ombe aliyemwimbia hamsahau. Alitaja wenye sampuli kumi na sita bila kukwama. Ya kumi na saba akasema hamjui.

Haya, tuingie ndani.

*

Ilikuwa Alhamisi, saa tisa alasiri, sebuleni kwa shangazi Minza, mtaa wa Malambo. Shangazi alikuwa na ungo wa michembe mapajani, anachambua viazi vikavu vizuri na vilivyooza. Benedikta alikuwa mezani na daftari la kijani mbele yake. Hakulifunga.

“Shangazi, hujawahi kunidanganya.”

“Sijaanza leo.”

“Umemsahau?”

“Nimesema simjui. Kusahau na kutojua ni vitu viwili.”

Benedikta akasoma tena mstari ule, taratibu. “Namba kumi na saba. Jike, mwekundu, tumbo jeupe, pembe ya kushoto imeinama karibu na jicho.”

Mkono wa shangazi ulisimama juu ya michembe.

Mbele ya maneno yale palikuwa na tarehe na matokeo. Ukingoni mwa ukurasa palikuwa na maneno mengine mawili yaliyopigwa mstari. Benedikta aliinamisha kichwa ayasome. Shangazi akainuka, akaweka ungo mzima juu ya ukurasa.

“Kumi na sita zinamtosha Gloria,” alisema. “Ya tisa ndiyo unayoitaka. Ya tisa si nimekupa?”

Alikuwa amempa kweli. Namba tisa, dume jeusi lenye mkia mweupe. Juni 1993: hakuna. Ameacha mafuta. Septemba 1994: nyingi, zina uhai. Na mwenye dume jeusi lile, shangazi alisema bila kusita, alikuwa Ndaki, baba yake Mayige. Mzee mwenyewe aliyekuwa anakuja kumrudisha Gloria kwa kosa la kutozaa ndiye aliyekauka kabla yake, akaacha mafuta, akampata Mayige mwaka uliofuata.

Ilibaki kumfanya aseme. Benedikta alikuwa na siku mbili za kutafuta namna.

“Hodi humu.”

Hakuwa na siku mbili. Hakuwa hata na dakika mbili, kwa sababu aliyesimama mlangoni, mrefu, kofia ya pama mkononi, alikuwa Ndaki.

“Mwadila mayu,” alimsalimia shangazi kwa Kisukuma.

“Mwadila bhabha. Karibu, mkwe.”

“Sikai sana,” alisema Ndaki, akakaa. Hakumtazama mtu. “Jumamosi imevunjika. Wazee wangu wana msiba Maswa, lazima wawepo huko. Jambo letu tutalimaliza leo. Wanakuja nyuma yangu, na mshenga wangu wanaye.”

“Leo?” Benedikta aliuliza. “Baba, mlituambia Jumamosi.”

“Ndiyo nimekuja kuwaambia ni leo.” Akaigeuza kofia mkononi. “Na mtoto wenu nimekuja naye. Yuko nje kwenye gari.”

Benedikta alitoka mbio.

Gloria alikuwa ameshateremka. Sanduku moja, godoro limefungwa kamba, na dumu la lita ishirini. Alivaa gauni alilovaa siku aliyopokelewa kwa mumewe, na kama alilivaa makusudi hakusema.

“Usilie, dada,” alisema. “Ukilia na mimi nitalia, na hawa wanaume watadhani wameshinda.”

“Mayige yuko wapi?”

“Mashineni. Hakuweza kuja.” Gloria aligusa dumu kwa ncha ya kiatu. “Kanipa hili. Mkamuo wa kwanza wa leo. Alisema huku mjini mafuta ni ghali, nisikose ya kupikia. Alikuwa analia, dada. Mwanaume mzima anajaza dumu huku analia.”

“Na yeye amekunywa leo?”

“Vikombe viwili. Alisema leo anahitaji nguvu.”

Nawaambieni ukweli, mimi ninayewasimulia nimewahi kuwacheka wanaume wengi katika kazi hii, lakini Mayige siwezi kumcheka. Alikuwa anampenda mkewe, na mapenzi yake yote yalikuwa ndani ya dumu lile.

Benedikta alishika sanduku, Gloria akashika dumu, wakarudi ndani.

*

Ndaki alikuwa amesimama mezani. Ungo ulikuwa juu ya daftari bado, lakini jalada lilijitokeza pembeni, kijani iliyopauka, na bango dogo la karatasi lenye namba 4 kwa mwandiko wa wino.

“Hilo limetoka wapi?” aliuliza.

“Chuoni. Lilikuwa kwenye sanduku miaka yote.”

“Alikuwa analiweka juu ya boneti ya Land Rover,” alisema Ndaki. Sauti yake ilikuwa imeshuka. “Nyuma ya ghala la pamba. Tukipanga foleni.”

Benedikta aliona mlango wa maneno umefunguka wenyewe, akaingia.

“Baba, sitakutaja jina. Marehemu baba yangu aliapa, na kiapo chake nakiheshimu. Nitataja dume tu. Jeusi, mkia mweupe.”

Ndaki akakaa tena, polepole.

“Juni tisini na tatu, hakuna,” Benedikta aliendelea. “Akaambiwa aache mafuta, akaacha. Septemba tisini na nne, nyingi. Mwaka uliofuata mwenye dume akapata mtoto wa kiume.”

Gloria alikuwa amesimama kizingitini na dumu lake. Alimtazama dada yake, kisha mkwewe.

“Mwambie mwanao aache mafuta,” alisema Benedikta. “Wangoje mwaka mmoja na nusu. Mimi hanisikii. Ananijibu kwamba wewe ulikunywa na ukamzaa. Ni wewe tu unayeweza kumwambia kwamba uliacha kwanza.”

“Na akiniuliza nimejuaje?”

“Mwambie.”

“Nimwambie nini?” Mzee hakupandisha sauti. “Kwamba mama yake, Generoza, alikaa kwangu miaka minne akitukanwa na mama yangu, na mimi ndiye niliyekuwa mbovu, na nilipojua sikufungua mdomo? Watu wataanza kuhesabu kwa vidole. Watasema kama Ndaki alikauka, Mayige ni wa nani. Generoza ana miaka sitini, mwanangu. Anaimba kwaya. Unataka wamuulize alikuwa na nani?”

“Hesabu iko hapa. Ulipona kabla Mayige hajaingia tumboni.”

“Iko kwenye daftari la dume jeusi. Nani atasadiki daftari la ng'ombe? Chuo kizima kilicheka.”

“Shangazi anawasoma wote.”

Hapo Ndaki alifanya jambo ambalo hakuna aliyelitegemea. Alimgeukia shangazi Minza, akamtazama kwa mara ya kwanza tangu aingie, na usoni mwake kulikuwa na huruma.

“Amewasoma mpaka ya ngapi?”

Kisha akamgeukia Benedikta.

“Muulize,” alisema Ndaki. “Mimi nilikuwa wa tisa kwenye foleni. Mwaka uliofuata nilimsindikiza rafiki yangu, nikamsubiri amalize turudi pamoja. Alikuwa wa kumi na saba.”

“Rafiki gani?” Benedikta aliuliza.

“Mshenga wangu. Yuko njiani anakuja.” Akainamia kofia yake. “Sikilizeni, mimi si mtu mbaya. Lakini ikitajwa ya tisa leo mbele ya wazee, na ya kumi na saba itatajwa. Nitaitaja mwenyewe. Na atakayeumia hatakuwa mimi.”

Benedikta alimtazama shangazi yake. Mama yule aliyemlea tangu mama yake mzazi afariki, aliyemsuka, aliyemsomesha sekondari kwa michembe na karanga, alikuwa ameketi na mikono mitupu mapajani, anatazama ukuta. Na Benedikta akaelewa, si yote, ila kiasi cha kumtosha.

Upande huu mdogo wake na godoro lililofungwa kamba. Upande ule shangazi. Akanyoosha mkono, akauondoa ungo, akalishika daftari alifunge.

“Soma,” alisema shangazi Minza.

“Hapana. Ulisema nifunge.”

“Sasa nasema soma.”

“Shangazi.”

“Ng'ombe huyo nilimfungulia zizi kwa mkono wangu,” alisema. Alisema bila kulia, kwa Kiswahili chake cha taratibu, kila neno akiliweka chini. “Mwekundu, tumbo jeupe. Ile pembe tulikuwa tunaogopa itamtoboa jicho. Masalu alimleta yeye wa kwanza siku ananioa. Nikakaa kwa Masalu miaka sita. Mizizi niliyonyweshwa ingejaza ghala. Agosti mwaka wa tisini na nne akanirudisha, na baba akatakiwa arudishe ng'ombe. Baba alikuwa mgonjwa, kaka yangu alikuwa maabara kwake Dar. Nikamtoa mimi. Akakataa kutoka. Nikamvuta.”

Gloria aliliweka dumu chini.

“Benedikta, mimi tarakimu za kaka yangu sizijui, lakini sikio ninalo. Umesoma kumi na sita. Kila uliposema hakuna, mke wa mwanaume yule nilimjua, na miaka aliyolia naijua. Uliposema pembe imeinama nikaogopa. Ukisema mwanaume huyu alikuwa mzima, basi tasa ni mimi kweli. Ukisema hakuna, basi kaka yangu alijua. Sikutaka kusikia hata moja katika hizo mbili.”

Akavuta pumzi.

“Nina miaka hamsini na minane. Soma.”

*

Benedikta akasoma.

“Namba kumi na saba. Tarehe nne Machi tisini na nne. Chini ya darubini, hakuna.”

Shangazi aliitikia kwa kichwa.

“Ameelezwa aache mafuta. Amekubali.”

“Endelea.”

“Desemba tisini na tano. Nyingi. Zina uhai.”

Desemba ile, msomaji wangu, Minza alikuwa na mwaka mmoja na miezi minne amerudi kwao, na Masalu alikuwa ameoa mke mwingine. Huyo mke akazaa wa kwanza, akazaa wa pili, akafika saba. Zagayu nzima ikasema mmeona, mti mkavu umeng'olewa na shamba limeota. Hivyo ndivyo walivyosema, na Minza aliyasikia kisimani, kanisani na sokoni, kwa miaka thelathini.

“Machi,” alisema shangazi. “Nilirudishwa Agosti.”

“Ndiyo.”

“Machi, Aprili, Mei, Juni, Julai. Miezi mitano alijua. Pasaka ya mwaka ule alikuja kwangu na kitenge. Akala ugali wangu na samaki. Nikamlalamikia kwamba mama mkwe ananiita pango tupu. Akaniambia nivumilie, Mungu ana mipango yake.” Akafuta mdomo kwa kiganja. “Kaka yangu yule.”

Aliumia, na sitapamba. Kaka yake alikuwa mtu aliyempenda kuliko wote, picha yake ilikuwa ukutani juu ya kichwa chake wakati huo, na sasa hakuweza kuitazama.

Ndaki alikohoa. “Mkwe, tulikuwa tumeapishana.”

“Nyamaza kidogo, Ndaki.”

Benedikta alikuwa bado ameinama. Kidole chake kilikuwa kimefika ukingoni mwa ukurasa, kwenye yale maneno mawili yaliyopigwa mstari.

Hapa nieleze jambo moja la watu wa maabara. Daftari la maabara haliandikwi kwa penseli na halifutwi. Ukikosea hupaki wino, huchani karatasi. Unapiga mstari mmoja tu juu ya kosa, ili atakayekuja asome ulichokiandika mwanzo, kisha unaweka tarehe na herufi za jina lako. Dokta Mahona alikuwa mkali wa sheria hiyo hata nyumbani. Benedikta akiwa darasa la nne alichapwa kwa kufuta jibu la hesabu. Baba yake alimwambia kosa likifutwa linabaki kosa vile vile, ila linapoteza shahidi.

“Shangazi, kuna kitu kingine hapa.”

“Kinasemaje?”

Benedikta alishindwa mara ya kwanza. Gloria akaja nyuma yake, akamwekea mkono begani, akasoma yeye.

“Minza aambiwe.”

Nje jirani alikuwa anatwanga.

“Halafu amepiga mstari,” alisema Gloria. “Mmoja. Ameweka J.M. Tarehe kumi na moja Machi.”

“Ameyakata?”

“Ameyakata. Lakini yanasomeka.”

Shangazi Minza aliinuka, akaja mezani. Aliweka kidole juu ya maneno asiyoyajua kusoma, akakipitisha kutoka kushoto kwenda kulia mpaka mwisho wa mstari, akarudi. Alifanya hivyo mara kadhaa. Kisha machozi yakamtoka, na hakuyaficha wala hakuyafuta.

“Kwa hiyo aliniandika,” alisema. “Siku saba nilikaa humu, halafu akanikata.”

“Kwa sababu ya kiapo, shangazi,” alisema Benedikta. Alikuwa anamtetea baba yake na alikuwa anamchukia, vyote kwa pamoja, na sauti ilimtoka vibaya.

“Najua kwa sababu ya nini. Wanaume kumi na saba walimwomba awasitiri, akawasitiri. Mimi sikuwa kwenye foleni.”

Akavuta kiti, akaketi mkabala na Ndaki.

“Wewe umeniambia ikitajwa ya tisa utaitaja ya kumi na saba ili mimi niumie. Nimeshaumia. Sasa una nini kingine?”

Ndaki alikuwa anamtazama Gloria, na Gloria alikuwa analitazama dumu lile la mafuta.

“Baba,” alisema Gloria, “Mayige amekunywa vikombe viwili leo asubuhi. Kesho atakunywa vingine. Mwakani mtamletea mwanamke mwingine, naye mtamnywesha mizizi. Mimi sitakuwepo, lakini wewe utakuwepo. Utakuwa unamwona kila siku.”

Mzee aliinua kofia, akaishusha. “Nipeni muda,” alisema. “Niongee na Generoza kwanza. Mwezi mmoja.”

“Na leo?” Benedikta aliuliza. “Wazee wakifika utawarudisha?”

“Siwezi kuwarudisha bila kuwapa sababu.”

“Basi hujatupa kitu.”

“Mwanangu, mimi niliapa. Baba yako aliapa. Na wewe unayelishika daftari lake unajua kwamba—”

“Benedikta amefungwa,” shangazi Minza alimkatiza. “Ni mtoto wake, amerithi daftari na kiapo chake. Wewe umefungwa, kwa aibu zaidi kuliko kiapo, lakini umefungwa. Mimi nani aliniapisha?”

Ndaki alitazama mlango.

“Hakuna aliyeniambia kitu miaka thelathini,” alisema shangazi Minza. “Kwa hiyo hakuna aliyenifunga mdomo. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Ninyi mmeficha, tusiozaa ni sisi.”

Nje kulisikika gari. Milango ikafunguliwa, mmoja, wa pili, wa tatu. Wazee wakasalimiana na jirani aliyekuwa anatwanga. Sauti moja ilikuwa ya juu kuliko nyingine, sauti ya mtu aliyezoea kusemea wenzake, inauliza kama hapa ndipo kwa akina Mahona.

Shangazi Minza aliitambua. Benedikta alijua hivyo kwa sababu aliuona mkono wake ukitafuta ncha ya kitenge, ukakifunga upya kiunoni, ukakaza.

“Mkwe,” alisema Ndaki kwa kunong'ona, “nakuomba. Ana watoto saba na wajukuu. Ni mzee wa kanisa.”

“Najua. Nimekuwa namwona kanisani.”

Alichukua ungo wa michembe, akampa Gloria aupeleke jikoni. Akaliondoa dumu la mafuta kizingitini kwa mikono yake miwili, akaliweka katikati ya sebule ambapo kila atakayeingia angeliona. Kisha akarudi kwenye kiti chake chini ya picha ya kaka yake.

“Hodi wenyewe.”

“Karibuni.”

Aliyeingia kwanza alikuwa mshenga, kama desturi inavyotaka. Mvi kichwani, koti la kijivu, Biblia ndogo mfukoni. Alianza salamu kabla hajaona vizuri ndani. “Mwadila mayu,” alisema, na salamu hiyo Minza alikuwa hajaisikia kutoka kinywa hicho tangu Agosti ya mwaka wa tisini na nne.

Kisha macho ya Masalu yakazoea giza la ndani. Yakaliona dumu. Yakamwona Ndaki amejikunja kitini. Yakapanda mezani, yakakuta jalada la kijani na namba nne, na mguu wake wa pili ukabaki nje ya mlango. Nyuma yake wazee walikuwa wanasukumana kuingia, hawaelewi kwa nini mshenga wao amesimama.

“Mwadila bhabha,” alijibu shangazi Minza. “Ingia, Masalu. Kaa hapo karibu na rafiki yako. Wazee nao waingie wote, hakuna wa kubaki nje.”

Akageuza kichwa kidogo.

“Benedikta,” alisema. “Fungua daftari.”